Anajuaje ulipo? Ufuatiliaji wa wanawake kwa simu nchini Uganda na namna ya kuukabili

Mwanamke akigundua kwamba mwanamume aliyeachana naye anajua alikopita jana, alizungumza na nani na nani alimtumia pesa, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba amedukuliwa na mtaalamu. Mara nyingi hakuna mtaalamu yeyote. Kuna mtu aliyeishika simu yake kwa dakika mbili, au aliyemfungulia akaunti ya Gmail siku simu iliponunuliwa, au anayeijua PIN kwa sababu waliwahi kulala nyumba moja. Naliweka hili mbele ya mengine yote kwa kuwa linageuza kazi nzima. Anayemwogopa mdukuzi asiyemjua hukata tamaa, hununua simu mpya, kisha huingiza humo akaunti ileile ya zamani, na baada ya siku chache yule bwana anajua tena. Anayeanza kwa kujiuliza nani aliwahi kuwa na njia ya kuingia, huwa amefika nusu ya safari.

Tatizo lenyewe si dogo. Mwaka 2020 shirika la Pollicy, lenye makao yake Kampala, lilichapisha utafiti uliowahoji wanawake 3,306 katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, na asilimia 28 kati yao walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa aina fulani mtandaoni. Ndani ya takwimu hiyo mna mambo yanayotofautiana sana: matusi ya watu wasiojulikana, akaunti bandia zenye jina na picha ya mtu, vitisho, picha za faragha zilizosambazwa, na huu ufuatiliaji wa kimyakimya ambao aghalabu hufanywa na mtu wa karibu. Tukiyaita yote kwa jina moja, tunashindwa kuyatibu, kwa sababu kila moja lina mlango wake na lina kifungu chake cha sheria.

Njia zinazotumika

Anza na WhatsApp, kwa sababu ndiko maisha yetu yaliko. Mtu akiishika simu yako ikiwa wazi, anaweza kuiunganisha akaunti yako na kompyuta yake au na simu nyingine kwa kuelekeza kamera kwenye msimbo mmoja tu. Hahitaji kurudi. Tangu hapo kila ujumbe unaoupata wewe anaupata na yeye, hata simu yako ikiwa imezimwa, na wewe unaendelea na shughuli zako bila kuona tofauti. Akaunti moja inakubali hadi vifaa vinne vya ziada. Kukagua ni rahisi: ingia Mipangilio, kisha Vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta jina la kifaa usichokijua, mathalani kompyuta ilhali wewe huna kompyuta, utaona pia ni lini kilitumika mara ya mwisho. Hapo mkono unawasha kukiondoa. Subiri kidogo. Chukua simu ya mtu unayemwamini, ipige picha skrini yako ikionyesha jina la kifaa na muda, ndipo ukiondoe. Kikishaondoka, orodha ile haibaki na kumbukumbu yake, na picha hiyo huenda ikawa ushahidi pekee utakaowahi kuupata. Baada ya hapo washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri ambayo si mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wako.

Mlango wa pili hauzungumzwi vya kutosha, nao ni akaunti ya Google. Wanawake wengi niliowaona wakihangaika na jambo hili hawakuifungua akaunti hiyo wao wenyewe. Ilifunguliwa na mume, na kaka, au na kijana wa dukani aliyeuza simu, ambaye aliandika neno la siri kwenye kikaratasi akakipachika ndani ya boksi. Mwenye neno hilo la siri anaweza, akiwa popote, kuona simu ilipo kwenye ramani kupitia huduma ya kutafuta simu iliyopotea, kuona picha zote zinazohifadhiwa zenyewe mtandaoni, namba zako zote, hata maneno ya siri ya akaunti nyingine. Hajaweka programu yoyote ndani ya simu, kwa hiyo hata ukiisafisha simu hutapata kitu. Dawa ni kuacha akaunti hiyo na kufungua mpya kwenye kifaa ambacho hajawahi kukigusa, ama kubadilisha neno la siri na kuondoa namba na barua pepe zake kwenye sehemu ya kurejesha akaunti. Hii ya mwisho husahaulika sana. Ukibadilisha neno la siri na namba yake ikabaki pale, ataomba msimbo, ataletewa, ataingia.

Zipo pia programu za upelelezi zilizotengenezwa makusudi kwa kazi hii, zinazouzwa kwa kisingizio cha kulinda watoto au kuchunga wafanyakazi. Kwenye simu za Android kwa kawaida lazima mtu aishike simu yenyewe, aruhusu programu kutoka nje ya Play Store na azime ulinzi unaoitwa Play Protect. Hivyo ukikuta Play Protect imezimwa na si wewe uliyeizima, hiyo ni dalili nzito kuliko betri kuisha upesi, maana betri za simu nyingi tunazonunua huisha upesi tu. Angalia pia orodha ya programu zilizopewa ruhusa ya ufikivu (Accessibility) na zile zilizofanywa wasimamizi wa kifaa (Device admin). Kitu chenye jina la jumla kama huduma ya mfumo, kisichofunguka ukikibonyeza, kinahitaji kuulizwa.

Simu zinazopigwa nazo zinaweza kuelekezwa kwa mtu mwingine. Piga *#21# uone kama simu zako zinapelekwa kwenye namba usiyoijua; kufuta maelekezo yote ni ##002#. Ujumbe mfupi hauendi kwa njia hiyo, ila misimbo ya uthibitisho inayosomwa kwa sauti inaweza kwenda.

Pesa za simu ni habari nyingine kabisa. Fika kwa wakala yeyote wa mtaani uone lile daftari lake kubwa lililo wazi juu ya meza: jina, namba ya simu, kiasi, saini. Aliyesimama nyuma yako anasoma. Mwanamume anayetaka namba ya dada aliyemwona kwenye foleni hahitaji kumwomba. Na akiwa na namba bila jina, anaanza tu hatua za kutuma pesa, mtandao unamwonyesha jina lililosajiliwa, anasitisha. Akishazuiwa kwenye WhatsApp na kwenye simu za kawaida, bado anaweza kutuma shilingi 500 na kuandika maneno yake kwenye sehemu ya sababu ya malipo. Kiasi ni kidogo, lakini mwanamke aliyetumiwa shilingi hizo mara sita kwa usiku mmoja anaelewa kabisa anachoambiwa. Kila muamala kama huo una tarehe, saa na namba, na kampuni ya simu inao. Usiufute.

Fundi wa simu naye ni mlango. Ukipeleka simu kubadilishwa kioo, fundi hahitaji PIN yako ili kufunga kioo. Anaweza kukijaribu mbele yako ukaifungua wewe. Akisisitiza aachiwe simu ikiwa wazi hadi jioni, tafuta fundi mwingine.

Picha za faragha na wanaotishia kuzisambaza

Vijana wengi wa kike hufikwa na jambo hili kabla ya mengine yote. Anapata ujumbe: lipa, au rudi kwangu, la sivyo picha zako zinaenda kwenye kundi la familia. Ushauri unaotolewa na kila anayelifanyia kazi suala hili ni mmoja: usilipe. Aliyelipwa mara moja ameshajua kwamba unaweza kulipa, na picha bado anazo. Usimtukane, usimfutie ujumbe wake. Hifadhi kila kitu, kisha ufanye jambo ambalo wengi hawajui kwamba lipo.

Tangu Desemba 2021 kuna huduma ya bure iitwayo StopNCII, iliyoanzishwa na shirika la Uingereza linaloendesha simu ya msaada kwa waathirika wa picha za faragha, kwa kushirikiana na Meta, kampuni inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp. Unafungua tovuti yake kwenye simu yako, unachagua picha unayohofia, na simu yako yenyewe inaigeuza kuwa mfuatano wa herufi na namba, kama alama ya kidole ya picha hiyo. Picha haitoki kwenye simu. Kinachotumwa ni ile alama tu, na kutoka kwenye alama hakuna anayeweza kuirudisha picha. Makampuni yaliyojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, hulinganisha alama hiyo na picha zinazopandishwa, na zikifanana huizuia. Inafanya kazi hata kabla picha haijasambazwa, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kwa walio chini ya miaka 18 kuna huduma ya namna hiyohiyo ya Marekani iitwayo Take It Down, iliyoanza 2023.

Ina mipaka, na haifai kumficha mtu mipaka hiyo. Haiwezi kuzuia picha ndani ya kundi la WhatsApp, kwa sababu mazungumzo ya humo yamefungwa kwa usimbaji na kampuni haiyasomi. Humo kinga ni watu. Mwenye kundi akiifuta picha upesi, akamtoa aliyeituma na akakataza isitumwe mbele, amefanya kazi kubwa kuliko ombi lolote la kisheria litakalofika wiki mbili baadaye. Na aliyeituma mbele huku akiandika kwamba anasikitika, naye amesambaza.

Kuna ugumu wa Uganda peke yake. Facebook ilizuiwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na tangu hapo aliyetaka kuingia imembidi atumie VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao. Maana yake ni kwamba akaunti bandia yenye picha yako inaweza kuwa hai huko, ikitafuta wanaume kwa jina lako na namba yako ya simu, huku wewe mwenyewe huioni. Unashtukia tu simu za watu usiowajua zinaanza saa nne usiku. Ikikukuta, mwombe ndugu aliyeko Nairobi, Goma au Dar es Salaam aifungue akaunti hiyo, anakili anwani yake kamili ya kwenye kivinjari pamoja na picha za skrini, kisha aripoti kwamba ni ya kujifanya mtu mwingine. Anwani kamili ni muhimu: jina lililoonyeshwa hubadilishwa kwa dakika, na akaunti zenye jina moja zinaweza kuwa mia.

Sheria inaona nini

Kwa miaka mingi sheria zetu ziliitazama picha kwa jicho la aibu, zikauliza kuna nini ndani yake badala ya kuuliza nani ameisambaza bila ruhusa. Sheria ya kupinga ponografia ya 2014 ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Wanamuziki na wanamitindo waliovujishiwa picha na wapenzi wa zamani walijikuta waziri wa maadili akitaka wao wakamatwe. Sitawataja majina, wamesemwa vya kutosha. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilivitangua vifungu vikuu vya sheria hiyo, lakini fundisho lilikuwa limeshaingia kichwani mwa wanawake: ukienda kuripoti, mshtakiwa unaweza kuwa wewe. Mpaka leo ni sababu mojawapo inayowafanya wengi wanyamaze, na naamini taifa linawadai wanawake hao maneno ya kuwaomba radhi ambayo hayajasemwa.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 nayo ina historia ya kuumiza. Ilikuwa na makosa ya unyanyasaji wa mtandaoni na ufuatiliaji wa mtandaoni, ambayo mtu angedhani yaliandikwa kumlinda mwanamke anayetishwa. Kesi yake iliyojulikana kuliko zote ilikuwa dhidi ya mwanamke: Stella Nyanzi, mtafiti wa chuo kikuu, alihukumiwa miezi 18 mwezi Agosti 2019 kwa unyanyasaji wa mtandaoni kwa sababu ya shairi kuhusu rais, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikamwachia. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha 25 cha sheria hiyo, kile cha mawasiliano ya kukera, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana kiasi kwamba hakuna aliyejua mpaka wake.

Hata hivyo, kuna vipande vya sheria hii ambavyo mwanamke anaweza kuvitumia, na hapa ndipo kujua tofauti kunasaidia. Kosa la ufuatiliaji wa mtandaoni kama lilivyoandikwa 2011 linadai mambo matatu yawepo pamoja: aliyefanya awe amekusudia kwa nia mbaya, awe amerudiarudia, na awe ametoa kitisho cha kumfanya mtu ahofie usalama wake au wa jamaa yake wa karibu. Adhabu yake ni hadi miaka mitano, au faini ya pointi 120, na pointi moja ni shilingi 20,000, yaani 2,400,000, au vyote viwili. Tazama neno lile la kurudiarudia. Ujumbe mmoja, hata uwe mchafu vipi, hautoshi kwa kosa hili. Ujumbe 40 katika wiki tatu, ukiwa umepangwa kwa tarehe, unatosha kulijenga.

Tazama pia kitisho. Yule anayefuatilia kimyakimya, anayesoma ujumbe wako bila kusema neno, hajatisha. Kosa lake linaangukia kwingine: kuingia kwenye data ya mtu bila idhini, ambako marekebisho ya 2022 yaliongeza pia kumrekodi mtu na kusambaza habari zake bila ruhusa, kwa adhabu ya hadi miaka kumi au faini ya pointi 750. Wanahabari na watetezi wa haki waliyapinga marekebisho hayo mahakamani kwa kuwa yanaweza kutumika kuwanyamazisha, na hoja yao ina uzito. Kwa mwanamke anayeripoti leo, maana yake ya vitendo ni kumwuliza mwanasheria kifungu kipi kitumike kabla ya kuandikisha maelezo, kwa sababu sheria hii imekuwa ikibadilishwa na kupunguzwa mara kwa mara. FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa 1974, hutoa msaada wa kisheria bila malipo, na WOUGNET, mtandao wa wanawake uliopo tangu 2000, unashughulika na upande wa teknolojia.

Sheria ambayo binafsi naiona inasahaulika ni ile ya Ukatili wa Majumbani ya 2010. Haikuandikwa kwa ajili ya simu, lakini inatambua ukatili wa kihisia na wa kisaikolojia, ukiwemo wivu na umiliki wa kurudiarudia unaovamia faragha na uhuru wa mtu. Hiyo ni picha kamili ya mume anayedai kuiona simu kila jioni na kupiga video kuhakikisha uko wapi. Inawahusu hata waliokwisha kuachana, kama walikuwa mume na mke au waliishi pamoja. Na inatoa kitu ambacho kesi ya jinai haikupi upesi: amri ya ulinzi kutoka kwa hakimu, hata ya muda, inayomzuia mtu kukukaribia au kuwasiliana nawe. Anayehitaji utulivu wiki hii, na si hukumu baada ya miaka miwili, aanzie hapo.

Wenzetu wa Kenya waliandika waziwazi katika sheria yao ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018, kifungu cha 37, kwamba kusambaza picha za faragha za mtu ni kosa, kifungo hadi miaka miwili au faini ya shilingi 200,000 za Kenya. Mwanamke wa Busia anayefanya biashara pande zote mbili, mwenye laini mbili kwenye simu moja, anavuka mpaka na jambo alilofanyiwa linabadilika jina. Ningependa Uganda iwe na kifungu cha namna hiyo kilichoandikwa kwa uangalifu, kinachouliza kuhusu ridhaa na madhara, kisichogusa habari za maadili.

Ushahidi, na safari ya kituoni

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inakubali ujumbe, picha za skrini na rekodi kama ushahidi. Mahakama inachotaka kujua ni kama vilihifadhiwa kwa njia ya kuaminika. Kwa hiyo usikate kingo za picha ya skrini. Kabla ya kuipiga, fungua maelezo ya mtumaji ili namba yenyewe ionekane, kwa sababu jina ulilolihifadhi wewe, liwe Baba Asha au Shetani, halithibitishi kitu. Picha ikiwa ya kuonekana mara moja tu, WhatsApp haikuruhusu kuipiga skrini. Tumia simu nyingine kuipiga. Nakala zote zitume kwenye barua pepe mpya asiyoijua. Simu yenyewe usiiuze wala usiisafishe.

Kisha anza daftari. Tarehe, saa, namba, alichosema, na wewe ulikuwa wapi. Hilo la mwisho ndilo linaloleta maana, kwa sababu vitisho vingi havionekani kama vitisho. Ujumbe unasema tu: Gauni la njano linakupendeza. Afande akiusoma ataona ni sifa. Lakini kama siku hiyo ulikuwa Arua kwa dada yako, umehama Kampala bila kumuaga mtu, na gauni hilo ulilivaa mara ya kwanza asubuhi ile, basi ujumbe huo unasema anakuona. Hayo usipoyaandika hayamo kwenye simu.

Kituoni omba dawati la kulinda watoto na familia. Kiswahili kimekuwa lugha ya polisi wa Uganda kwa vizazi, kwa hiyo mkimbizi kutoka Bukavu au Mnubi wa Bombo asione haya kukitumia. Ila maelezo huenda yakaandikwa kwa Kiingereza, na una haki ya kuomba usomewe kwa lugha unayoielewa kabla hujaweka saini. Omba namba ya SD, yaani namba ya kumbukumbu ya ripoti yako katika kitabu cha kituo, uiandike. Kuripoti hakulipiwi. Kama ushahidi ni picha yako ya faragha, iangaliwe kwenye simu yako, ipokewe kama kielelezo. Usikubali kuituma kwenye WhatsApp ya afisa. Ukiambiwa mkayamalize nyumbani, nenda kituo kikubwa zaidi au urudi na mwanasheria. Wewe mwenyewe kampuni ya simu haitakupa jina la mwenye namba. Polisi wanaweza kulipata kwa amri ya mahakama, na kadiri unavyochelewa ndivyo kumbukumbu zinavyozidi kuwa ngumu kupatikana.

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa au kijiji, anaweza kusaidia, na mahakama za LC zina mamlaka chini ya ile sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010. Ila mpime kwanza. Ni jirani, huenda ni rafiki wa mume, na huenda akaona fahari yake ni kuwapatanisha. Pale ambapo mtu ameshatishia kuua au ameshapiga, jambo hilo si la kikao cha mtaa, liende polisi na kwa hakimu moja kwa moja.

Ikiwa aliyetendewa ni mtoto wa chini ya miaka 18, piga 116, simu ya Sauti ya msaada kwa watoto, isiyolipiwa. Picha ya mtoto usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa shangazi ili aone, hata kwa mwalimu. Kuisambaza ni kosa kubwa la jinai kwa kila anayeipitisha.

Aliyetoa habari zako akiwa ni kampuni, wakala au duka, mathalani fundi aliyenakili picha, kuna ofisi ya kulinda data binafsi iliyowekwa na sheria ya 2019, nayo hupokea malalamiko.

Kama bado mnaishi pamoja

Ushauri wote wa hapo juu una hatari moja. Mwanamume anayesoma ujumbe wako kila usiku, siku atakapokuta mlango umefungwa atajua kwamba umejua. Wakati ambapo mwanamke anajitoa ndio wakati wa hatari kubwa kuliko yote, na kubadilisha neno la siri ni kujitoa kwa namna fulani. Kwa hiyo anayeishi na mtu wa namna hiyo asianze na simu yake. Aiache kama ilivyo, aendelee kuandika mambo ya kawaida, na mipango yote aifanye kwenye simu ambayo yule hajawahi kuishika: ya mama jirani, ya mwenzake wa sokoni, ya kazini. Apange atalala wapi, nani atawachukua watoto, vitambulisho viko wapi. Kufunga milango ya simu kuje siku hiyo anapoondoka, au baada ya kufika salama.

Akishaondoka, njia inayobaki wazi kwa kawaida ni watoto. Simu ya mtoto iliyonunuliwa na baba, yenye akaunti ya baba, inaonyesha kwenye ramani nyumba mpya ilipo, na mtoto hana habari. Inapobidi watoto wamtembelee, simu hiyo izimwe kabla ya safari ya kurudi, au ikaguliwe akaunti yake kwanza. Na mawasiliano kuhusu karo, homa na likizo yapitie laini moja iliyowekwa kwa ajili hiyo peke yake, kwa maandishi tu. Omba jambo hilo liandikwe ndani ya amri ya ulinzi, ili akipiga kwenye namba nyingine, hilo lenyewe liwe kuvunja amri ya mahakama.